Mwaka Tuliokwenda kwa Miguu

Kambale alinipigia simu kutoka Butembo asubuhi moja ya mvua, nikiwa nachambua maharagwe, akaniambia kwamba Dokta Banza amerudi. Alikuwa ameshuka uwanja wa ndege wa Luano wiki iliyopita akitokea Afrika Kusini, alikopasuliwa kansa ya utumbo, na binti yake Nadine ndiye aliyekwenda kumleta. Wanasema amepona, Kambale alisema, kisha akaniambia niende nimwone, maana mimi ndiye niliye karibu. Sisi wawili tulimfanyia kazi daktari huyo mwaka mmoja tu, tukiwa vijana, na tangu wakati huo kila mmoja wetu akisikia neno "amepona" anataka kujua limesemwa katika chumba gani na nani walikuwa wamekaa pale. Mimi leo ni muuguzi mstaafu mwenye magoti mabovu, sitoki nyumbani ovyo, na mvua ya Lubumbashi ikinyesha asubuhi sina ugomvi nayo, nakaa ndani. Lakini nilimaliza maharagwe, nikavaa kitenge changu cha bluu, nikaita teksi inipeleke mtaa wa Golf. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama mzee wetu amepona kweli.

Salon yao, yaani sebule, ni kubwa, ina baridi ya mashine, na viti vyake ni virefu hata mtu mfupi kama mimi miguu inaning'inia. Dokta alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa shati jeupe lililokuwa linamtosha zamani. Sasa shingo ilisimama peke yake katikati ya kola. Nadine alileta maji ya machungwa, akaleta karanga, kisha akaleta wali, kuku na sombe ya majani ya muhogo, kwa sababu ingawa ameishi Ulaya miaka mingi hajasahau kwamba mgeni halishwi maneno. Yeye ndiye aliyezungumza. Alieleza alivyomtafuta daktari mpasuaji mwenye sifa, alivyohangaikia viza, jinsi baba yake alivyosimama siku chache tu baada ya kupasuliwa, na wauguzi wa kule walivyomshangaa. "Papa iko bien kabisa," alisema, na uso wake uling'aa. Nilimgeukia Dokta. "Ça va, Philo," alisema. "Tunamushukuru Mungu." Alikuwa akisukuma kipande cha kuku chini ya wali kwa uma, taratibu, kama mtoto anayeficha chakula asichokitaka, na mpaka sahani zinaondolewa sikumwona akimeza kitu. Jibu lile nililijua. Nililisikia kwa sauti ileile, katika salon ndogo kuliko ile, mtaa wa Kamalondo, mwaka niliokuwa na miguu mizuri.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka tu shule ya uuguzi, na kazi ya kwanza niliyoipata haikuwa ya kuchoma sindano bali ya kuuliza maswali. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya wodi ya upasuaji, mahali palipokuwa pakihifadhiwa mashuka wakati hospitali bado ina mashuka. Kilikuwa na rafu tupu mpaka darini, meza moja, na viti vitatu, kimoja kikiwa kimefungwa mguu kwa bandeji. Dirisha lilitazama uani, mahali ndugu wa wagonjwa walipopikia kwenye mbabula zao, majiko ya mkaa, kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi tulifanya kazi ndani ya harufu ya jiki iliyochanganyika na samaki wakavu wanaokaangwa. Kutwa tulisikia wanawake wakigombea makala, huo mkaa wenyewe, na kupeana habari za wagonjwa wao, nani amekunywa uji, nani amegeuza uso ukutani. Mpaka leo nikikaanga samaki mkavu nakiona kile kiti cha bandeji, na uchovu unaniingia kabla hata ya kula.

Dokta Banza wakati ule alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye karanga katika mfuko wa koti lake jeupe, na alikuwa amepasua wanawake wengi wenye kansa ya titi. Walikuja wamechelewa, kidonda kimekwisha kufunguka, kwa sababu kwanza walikwenda kwa wauza dawa, kisha kwa wachungaji wa maombi. Alikuwa akiondoa titi lote na vivimbe vya kwapani. Mashine ya mionzi haikuwepo mjini, na vidonge vilipatikana kwa bahati, kwa hiyo kisu chake kilikuwa karibu matumaini yote. Wengi wakishatolewa nyuzi hawakurudi tena. Siku ya kwanza alitukalisha, mimi na Kambale, akatueleza kazi kwa maneno ambayo sijayasahau. "Kukata, ninajua. Ile ninataka kujua ni namna gani banaishi nyuma yangu." Tulitakiwa kuwafuata majumbani mwao wale wote waliopasuliwa naye, kumuuliza kila mmoja kuhusu mkono, usingizi, chakula, kazi na ndoa, ili yeye akaseme ukweli mbele ya wapasuaji wenzake kwenye mkutano wao. Kambale alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyekuja Lubumbashi kusomea afya ya jamii; alikuwa na Kiswahili cha kwao kilichonyooka, na alikuwa akinicheka kwa Kiswahili changu, nami nikimcheka kwa kuogopa mbwa.

Tulikwenda kwa jeep ya mradi. Dereva alisimama mbele ya uzio, hakuzima injini, sisi tukaingia. Na kila mahali mambo yalikuwa yale yale: viti vyema vinatolewa chumbani, vitambaa vya kufuma vinanyooshwa mgongoni mwa viti, mtoto anatumwa Fanta kwa jirani, na kabla hujafungua kinywa umeletewa bukari, ule ugali wetu. Kukataa huwezi. Mume anakaa, mama mkwe anakaa, jirani anakuja "kusalimia" na anakaa naye. Ndipo unamuuliza yule mama: mkono unauma? Hapana. Unalala vizuri? Vizuri sana. Una shida na kazi za nyumbani? Hakuna shida, mwanangu, tuko bien. Mume anaitikia kwa kichwa. Nje dereva anapiga honi, tunaaga barazani, tunapanda, tunakwenda nyumba nyingine kula bukari nyingine. Nilinenepa mwaka ule. Baada ya miezi michache matokeo yetu yalikuwa ya kushangaza, hata Dokta akawa anapiga mluzi kwenye korido, mtu ambaye hatukujua kama anaweza kupiga mluzi.

Aliyemfurahisha kuliko wote alikuwa Mama Odile, mshonaji wa Kamalondo. Alipasuliwa mwaka mmoja kabla sijaanza kazi, na tofauti na wengine yeye alirudi hospitalini kila alipoitwa, amevaa kitenge kilichopigwa pasi, amejipaka poda. Dokta alikuwa akiwaita wanafunzi wake, anamwambia Mama Odile ainue mkono wa upande uliokatwa. Yeye anauinua mpaka juu kabisa, anageuza kiganja kama anachuma kitu mtini, na anacheka. Wanafunzi wanapiga makofi. "Mumuangalie," Dokta anawaambia, na macho yake yanakuwa ya kijana. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nikijisikia fahari, kana kwamba nami nilishika kisu. Leo nikilikumbuka tukio lile najiuliza tulikuwa tunampigia nani makofi.

Kisha mafuta yakakosekana mjini. Foleni zilijaa kwenye vituo, jeep ikasimama chini ya mti wa hospitali, kuku wa wauguzi wakalala chini yake. Dokta alisema kazi haiwezi kungoja, tuende kwa miguu, na nauli ya basi kwa sehemu za mbali. Nililalamika sana, niseme ukweli. Nilikuwa na jozi moja tu ya viatu vya maana, vya kanisani. Kambale aliviangalia akasema, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini viatu hivi vitakufa kwanza. Siku ya kwanza tuligawana mitaa ya mji: yeye ule unaoitwa Kenya, mimi Katuba. Nilimkuta mama mmoja anayeuza unga, tukakaa na watu wake wote, akanijibu kama wengine walivyojibu, hakuna shida, nikala, nikaaga. Nilipotoka hapakuwa na jeep. Basi yule mama akajifunga kitambaa kichwani, akatoka nami, kama ilivyo kawaida yetu. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa mpaka pembe ya avenue, na akipendwa anasindikizwa mpaka pembe ya pili, na wakati mwingine mgeni naye anaona aibu, anamrudisha mwenyeji nusu ya njia. Tulipofika kwenye mashine ya kusaga, mahali kelele inafunika maneno, akanishika kiwiko akaniambia kwamba mkono ule haubebi tena hata kikombe, unavimba usiku, unga anapimiwa na dada yake, na mume wake amehamia chumba cha watoto tangu alipoona kovu. Aliyasema yote bila kulia, akitazama mbele, kisha akaniaga vizuri akarudi nyumbani kwake.

Niliporudi katika chumba chetu Kambale alikuwa amekaa kwenye kiti cha bandeji, hajavua hata kofia. Alinitazama akajua, nami nikamtazama nikajua. Aliniambia kwamba kwa muda wote aliokuwa amekaa ndani hakuna mtu aliyekuwa mgonjwa, na barabarani hakuna mtu aliyekuwa mzima. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo, nyumba baada ya nyumba, na tuliacha kushangaa tukaanza kuchoka. Nimefikiri sana juu ya jambo hili katika miaka yangu ya uuguzi, na sidhani kwamba wale akina mama walitudanganya. Ndani ya nyumba mtu husema kwa niaba ya nyumba: mume wake yupo, chakula kimewekwa, mgeni amekuja kutoka mbali, na kumwambia mgeni kwamba unaumwa ni kama kumwambia chakula hiki kimepikwa kwa shida. Njiani mtu husema kwa niaba yake mwenyewe. Sisi tulikuwa tumeikata njia kwa jeep, na hatukujua kwamba tumeikata, ingawa mimi na Kambale, na dereva naye, wote tulilelewa na mama waliosindikiza wageni.

Tulimwambia Dokta siku ya Ijumaa, mchana, wagonjwa wakiwa wamelala. Nilitarajia atakasirika. Alikaa, akachukua karanga, hakuzila, akazitazama kiganjani. Mwishowe alisema kwamba mama yake, kule Kabalo, alikuwa vile vile: "Mugeni akiwa ndani, sisi hatukukuwa na njaa hata siku moja." Kisha akasema kila mama atembelewe upya, kwa miguu, hata mafuta yakipatikana, na majibu ya kweli yachukuliwe njiani. Kambale alimkumbusha kwamba matokeo yataharibika. Dokta alisema yaliharibika zamani, leo ndiyo tumeyaona. Hakupiga mluzi tena. Nikakusanya moyo nikamuuliza: na Mama Odile? Yeye tulimtembelea kwa jeep, wakati majibu yote yalikuwa mazuri. Alianza kusema kwamba Mama Odile anakuja mwenyewe, anaonekana, anainua mkono. Akakatiza. Aligeuka akatazama wodi, mahali walipokuwa wakisimama wanafunzi wake, na niliona uso wake ukiporomoka. Hata kule, alisema polepole, tulimuweka mu salon. Akaniambia huko atakwenda mwenyewe, na mimi nitamwonyesha nyumba.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa ya pili, kwa miguu, tukipita kwa mafundi cherehani waliofunga na baa zilizokuwa zinafungua. Dokta alisalimiwa njia nzima, kwa sababu daktari anayetembea ni jambo la kuangaliwa. Nyumba ya Mama Odile ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, cherehani ya miguu chini ya dirisha, picha ya Bikira Maria, na juu ya kabati picha ya mume wake, Papa Fidèle, akiwa kijana mbele ya kichwa cha treni. Papa Fidèle alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa suruali yenye mkunjo na sauti ya mtu aliyezoea kutangaza safari. Alituambia kabla hatujauliza kwamba mke wake amepona, kwamba mtaa mzima unajua, kwamba hata paroko alimtaja. Tulikula bukari, samaki katika karanga, na lengalenga, mchicha wa kwetu. Mama Odile alihudumia, akacheka, akainua mkono bila kuombwa. Lakini alikaa kwenye ukingo wa kigoda, mgongo umesimama, na wakati wote wa chakula hakuegemea kitu, na alipoinama kuokota kijiko nilimwona akifunga macho. Nilitazama sahani yangu. Nilimpenda sana mama yule, na nilianza kuogopa.

Dokta alipoaga, Papa Fidèle alisimama naye, kwa sababu mwanaume husindikizwa na mwanaume mwenzake, na mwenye nyumba ndiye anayemtoa mgeni wa heshima. Alikuwa tayari anatafuta kofia. Nikafikiri, basi, tumekula bure. Ndipo Dokta alifanya jambo ambalo si la adabu na alilifanya kwa adabu yote. "Papa Fidèle," alisema, "unisamehe. Leo unipatie Mama anisindikize." Papa Fidèle alimtazama Dokta, akamtazama mke wake, na katika uso wake wa mtangazaji niliona kitu kikiacha kujishikilia. Alijua. Alikuwa amejua muda wote, aliishi naye nyumba moja. "Enda naye, mama," alisema, akaketi kwenye kiti cha cherehani, mgongo ukiwa kwetu.

Walitangulia, mimi nyuma hatua chache. Mpaka pembe ya kwanza walizungumza habari za mvua. Mpaka ya pili, habari za Odile, binti yao, aliyeolewa Likasi. Pale penye ukuta wa baa moja, watu wakijaribu vipaza sauti ndani, Mama Odile alisimama. "Dokta, ilirudia," alisema.

Dokta alimuuliza wapi. Akamwambia mu mugongo, mu mifupa, kwamba hawezi tena kulala amejinyoosha, analala ameketi, ameegemea mto kwenye cherehani yake ili Papa Fidèle apumzike. Akamuuliza tangu lini, akajibu tangu kabla ya mvua. Nilihesabu kichwani: katika muda huo wote alikuwa amekuja hospitalini, amejipaka poda, ameinua mkono mbele ya wanafunzi, amepigiwa makofi.

"Juu ya nini haukuniambia, Mama?"

"Ulikuwa na furaha sana, Dokta." Alisema kwa upole, kama anayeomba radhi. "Nilisema, huyu muntu anafurahi juu yangu. Nikimuambia, ataipeleka wapi ile furaha yake?"

Nimesikia mambo mengi katika wodi tangu siku ile, na hakuna lililonichosha kama lile. Mgonjwa alikuwa amembeba daktari wake mgongoni, katika mgongo ule ule unaooza. Dokta alisimama na mikono yake ikining'inia, ile mikono iliyosifiwa mji mzima, na haikuwa na cha kufanya. Nilidhani atatoa maneno ya kitabu, kwamba tutapiga picha, tutapima, tutaona. Hayo aliyasema baadaye. Kwanza alimwambia, "Kuanzia leo nitakuwa nakuya na miguu." Mama Odile alilia hapo, mara ya kwanza, akijifuta na ncha ya kitenge, kisha akasema tumrudishe, Papa Fidèle atakuwa na wasiwasi. Tukamrudisha mpaka mlangoni.

Picha ilionyesha alichokisema. Hapakuwa na kitu cha kukata. Dokta alimtafutia vidonge kila mahali ambapo mtu wake alikuwa na mtu, na dawa ya maumivu, ambayo ilikuwa ngumu kupatikana kuliko huruma. Mifupa ilitulia kwa muda, akalala tena kitandani mwake. Mafuta yalirudi mjini, jeep ikaamka, kuku wakahama. Lakini kila Jumapili Dokta aliiacha jeep hospitalini akaenda Kamalondo kwa miguu, akala, akasindikizwa, kwanza mpaka ukuta wa baa, kisha mpaka pembe ya kwanza, kisha mpaka kwenye uzio, mpaka siku alizosindikizwa kwa macho tu kutoka kitandani. Kwa kuwa Mama hakuweza tena kutoka, wakaanza kusema mambo ya kweli chumbani, Papa Fidèle akiwepo. Mama Odile alikufa wakati wa kiangazi kilichofuata, katika zile asubuhi za baridi, nyumbani kwake. Kwenye matanga Dokta alikwenda kukaa nje na wageni, Papa Fidèle akatoka akamshika mkono akamkalisha na wenye msiba. Watu wanasema mficha maradhi, kilio humfichua. Ni kweli, lakini methali hiyo haisemi aliyaficha kwa ajili ya nani.

Matokeo yetu yalikuwa mabaya, na yalikuwa ya kweli. Dokta aliyapeleka kwenye mkutano wao, na wenzake wakamuuliza kwa nini upasuaji wake umeharibika hivyo. Alituambia hayo katika chumba cha mashuka, akila karanga, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Mradi ukaisha. Kambale akarudi kwao, mimi nikaenda wodini, nikabaki huko mpaka magoti yalipokataa. Siku hizi nawaona vijana wanawafuata wagonjwa kwa simu. Wanapiga, wanauliza, mama uko bien, mama anajibu niko bien, wanakata. Sina hasira nao, wana watu wengi wa kupigia. Nimelichoka tu neno hilo.

Basi siku ile Golf, sahani zilipoondolewa, niliaga. Teksi ilikuwa imerudi kunichukua na dereva alikuwa anapiga honi nje ya geti. Nadine alinibusu, akanishukuru kuja. Dokta akashika mikono ya kiti. "Nitamusindikiza Philo," alisema. Nadine alimwambia hapana, Papa, walisema upumzike, mlinzi yupo. Lakini alikuwa amekwisha kusimama, na mtu aliyechukua muda mrefu hivyo kusimama huwezi kumwambia akae. Tulivuka bustani taratibu. Mlinzi alifungua geti akabaki ameduwaa, kwa sababu Golf watu hawatembei, kuna kuta ndefu na mbwa nyuma ya kuta. Tulipita teksi. Alinishika mkono juu ya kiwiko, na uzito wake ulikuwa mdogo hata nikaogopa upepo. Tulizungumza habari za mvua. Tulipofika kwenye pembe alisimama, na kabla hajafungua kinywa nilitaka kuziba masikio yangu.

"Ilirudia, Philo," alisema. "Mu ini. Nilijua kule kule, mbele ya kupanda ndege."

Nilimuuliza kama Nadine anajua. Alitikisa kichwa kukataa. "Iko na furaha sana," alisema. "Alinitafutia kila kitu, alinileta mpaka hapa. Unamuona yule mutoto anavyofurahi. Ninamuambia namna gani?"

Nilimkasirikia. Nilitaka kumuuliza kama amesahau ukuta wa baa, kama alitembea Jumapili zile zote bure. Kisha hasira ikaisha, maana nilimwona anavyosimama, na nikaelewa kwamba hakusahau kitu, ndiyo maana alinitoa nje. Nilimwacha ameshika ukuta, nikarudi kwa dereva wa teksi, nikampa haki yake, nikamwambia aende. Niliporudi nilimwambia, "Kuanzia leo nitakuwa nakuya na miguu, Dokta."

"Na ile magoti yako?"

"Magoti ni yangu."

Alicheka, akakohoa. Akasema basi anirudishe, nikamwambia mimi ndiye ninayemrudisha, tukarudi hivyo tukibishana mpaka getini. Nadine alikuwa amesimama pale, miguu mitupu kwenye vigae, viatu mkononi, ametazama barabara tupu. Aliuliza teksi imekwenda wapi. Dokta alimtazama binti yake, akautazama ule uso uliong'aa, kwa muda mrefu, na mkono wake ulinikaza.

"Nadine, vaa viatu," alimwambia. "Tumusindikize Philo."

Alitutazama sote wawili, mmoja baada ya mwingine. Ni mtoto wa hapa, hakuuliza tena. Aliinama akavaa viatu.